Chati ya muziki ya Uingereza: hii kampuni inahesabu nini hasa, na ni ya nani?

Sikio_Kubwa ameuliza:

Habari za muda huu wakuu, naomba kueleweshwa.

Mimi ni mfuatiliaji wa chati ya Uingereza, ile inayotolewa kila Ijumaa na Official Charts Company. Huwa naichukulia kwamba ndo kipimo cha kweli cha nini watu wanasikiliza kule, lakini kuna mambo nikiyaangalia hayaniingii akilini kabisa. Wimbo uko namba nne, unapigwa kila kona, wiki inayofuata unaukuta uko ishirini na kitu huko, wiki moja tu, hakuna kashfa wala nini, ni kama kuna mtu kausukuma. Afu upande wa pili mwaka 2022 wimbo wa Kate Bush uliotoka 1985 unakuja kukalia namba moja, na kila Disemba Last Christmas ya Wham! inapanda juu kana kwamba imetoka juzi.

Sasa maswali yangu. Hii kampuni ni ya nani, je makampuni ya muziki yana mkono humo ndani? Mtu ambaye hanunui chochote, anasikiliza tu kwenye simu, anahesabiwaje? Na mtu mwenye hela zake au mashabiki wengi anaweza kuinunua hiyo namba moja?

Nauliza kwa nia njema kabisa. Msanii akishika namba moja hata wiki moja historia yake inaandikwa hivyo mpaka anakufa, kwahiyo naona ni haki tujue anayeshika kalamu anahesabu vipi.

---

Fundi_Mitambo amejibu:

Swali zuri mkuu, na jibu la kwanza ni ndiyo, makampuni ya muziki yana mkono, ila hayako peke yao. Official Charts Company kwa sura ya sasa imeanza 1998 na ni ubia wa pande mbili. Upande mmoja ni BPI ambao ni umoja wa makampuni ya kurekodi ya Uingereza, upande mwingine ni umoja wa wauzaji, zamani ukiitwa BARD sasa hivi unaitwa ERA, humo ndo kuna maduka na huduma za muziki za mtandaoni. Yaani anayetengeneza bidhaa na anayeiuza wamekaa meza moja. Hii kwangu ni afadhali kuliko angekaa mmoja peke yake, maana lebo (kampuni ya kurekodi) ingependa namba zivimbe na muuzaji hana faida ya kuvimbisha wimbo wa lebo fulani dhidi ya nyingine.

Ila kukusanya zile data zenyewe hawafanyi wao kwa mikono yao, wameipa kazi kampuni ya utafiti wa soko, Kantar. Kila muuzaji anatuma mauzo yake, supamaketi, maduka ya santuri ya mtaani, wauzaji wa mtandaoni, huduma za striming (kusikiliza mtandaoni bila kuununua wimbo), wanafikia karibu soko lote. Wiki inaanza Ijumaa inafungwa Alhamisi usiku wa manane, Ijumaa jioni BBC Radio 1 wanaitangaza. Zamani ilikuwa Jumapili, wakahama Julai 2015 pale dunia nzima ilipokubaliana nyimbo mpya zitoke Ijumaa.

Kingine ambacho wengi hawajui, redio haihesabiwi kwenye chati ya Uingereza. Wimbo unaweza kupigwa redioni asubuhi mpaka jioni na usipate hata pointi moja kwa hilo. Marekani ni tofauti, Hot 100, chati kuu ya jarida la Billboard, inachanganya mauzo, striming na redio. Kwahiyo ukiona wimbo uko juu Marekani na Uingereza hauonekani usishangae, vipimo ni viwili tofauti.

---

Mzee_wa_Santuri amejibu:

Vijana, kabla hamjaenda kwenye striming ngoja niwapeleke nyuma kidogo, maana bila kujua ilikotoka hamtaelewa kwanini leo kuna sheria nyingi hivi.

Chati ya kwanza ya mauzo Uingereza imetoka tarehe 14 Novemba 1952 kwenye gazeti la New Musical Express. Jamaa wa matangazo wa gazeti hilo, Percy Dickins, alikuwa anapiga simu kwenye maduka kama ishirini anauliza santuri gani zimeuzika zaidi, anajumlisha, basi, hiyo ndo chati. Ilikuwa ya nafasi 12 lakini ina santuri 15 kwasababu nyingine zililingana. Namba moja ya kwanza ni Al Martino na Here in My Heart, akakaa juu wiki tisa.

Mambo yakaanza kuvurugika magazeti mengine nayo yalipoanzisha chati zao. Melody Maker wana ya kwao, Record Mirror wana ya kwao, Record Retailer nao wakaja 1960, na kila mmoja ana maduka yake anayoyaulizia. Sasa angalieni lilichozaa. Mwaka 1963 Beatles na Please Please Me walishika namba moja kwenye New Musical Express na Melody Maker, lakini kwenye Record Retailer waliishia namba mbili. Baadae sana, vitabu vya kumbukumbu vilipoandikwa, vikaichagua Record Retailer ndo iwe rasmi kwa miaka ile. Kwahiyo mpaka leo kwenye kumbukumbu rasmi Please Please Me haijawahi kuwa namba moja, na ile albamu yao ya mwaka 2000 iliyokusanya nyimbo zao za namba moja haina wimbo huo. Mtu aliyekuwa kijana London 1963 akanunua gazeti akasoma namba moja, leo anaambiwa haikuwa. Hakuna aliyebadilisha mauzo hapo, kilichobadilika ni nani kapewa mamlaka ya kuhesabu.

BBC wao walikuwa wanachukua hizo chati za magazeti wanazichanganya kupata wastani, mpaka siku moja 1968 nyimbo tatu zikalingana namba moja. Aibu ile ndo ikasukuma watu kutafuta chati moja. Februari 1969 BBC na Record Retailer wakaipa kazi kampuni ya utafiti, British Market Research Bureau, na hapo ndo mnaanza kupata kitu kinachofanana na kazi ya kitaalamu.

Ila ilivyokuwa inafanyika nataka muione. Duka linapewa daftari. Mteja akinunua santuri, yule muuzaji pale kaunta anachukua kalamu anaandika namba ya hiyo santuri, nyingine, nyingine, wiki nzima, afu daftari linatiwa kwenye bahasha linatumwa kwa posta. Kwa posta jamani. Mwanzoni mwa 1971 wafanyakazi wa posta wakagoma wiki kadhaa, madaftari hayafiki, chati ya albamu ikasimama kabisa haikutoka. Kipindi hichohicho ndo albamu ya George Harrison, All Things Must Pass, inauzika kwa wingi mno, na kwenye kumbukumbu ikabaki namba nne. Imekuja kurekebishwa 2006, wakajaza pengo la ule mgomo kwa chati ya Melody Maker, ndo Harrison akapewa namba moja yake. Yeye mwenyewe amefariki 2001. Hili jambo kila nikilikumbuka linaniuma, maana mtu alistahili na hakuiona, sababu ni bahasha tu.

Na daftari la kalamu lina udhaifu mwingine ambao mnaweza kuubuni wenyewe. Lebo ikijua duka gani lina daftari, inamtuma mtu wake anaingia pale na fulana, na santuri za bure za wasanii wakubwa, anamwambia kijana wa kaunta niwekee namba hii mara chache. Kijana mshahara mdogo, anaandika. Mwaka 1980 televisheni ya Granada kupitia kipindi cha World in Action waliyaanika haya mambo hadharani, ikawa kelele kubwa. Januari 1983 kazi ikahamia kwa Gallup, wakaweka vimashine madukani, data zikawa zinavutwa kwa laini ya simu. Kalamu ikaanza kutoka mkononi mwa mtu.

---

Kinanda_Cheusi amejibu:

Mzee shikamoo, hiyo ya posta sikuwa naijua, nimeisoma mara mbili.

Naongezea ya Marekani kidogo maana inaonesha vizuri zaidi kwamba ukibadilisha namna ya kuhesabu unabadilisha nani anaonekana. Billboard nao mpaka mwanzoni mwa 1991 walikuwa wanapiga simu madukani kuuliza, na duka haliulizwi umeuza ngapi, linaulizwa tu kipi kinaongoza, kipi kinafuata. Meneja wa duka anajibu kwa kumbukumbu, na kwa mapenzi yake. Kama yeye anapenda roki basi roki iko juu.

Mei 1991 wakaanza kutumia SoundScan, kampuni ya Mike Fine na Mike Shalett, ambayo inachukua data moja kwa moja pale mashine ya malipo inaposoma bakodi. Ghafla chati ya albamu ikawa sura nyingine. Kantri, rap na metali ambazo zilionekana za pembeni zikawa ziko juu kabisa. Albamu mpya ya kundi la rap la N.W.A ikaingia namba mbili wiki yake ya kwanza, iliyofuata ikawa namba moja, na Septemba mwaka uleule Garth Brooks akaingia moja kwa moja namba moja na albamu ya kantri. Hawa wasikilizaji hawakuzaliwa Mei 1991, walikuwepo miaka yote wananunua, tatizo hakuna aliyekuwa anawahesabu sawasawa. Na ukishaonekana ndo lebo inakuwekea hela, redio zinakupiga, kwahiyo usione ni mambo ya namba tu, ni riziki za watu. Ile SoundScan baadae ikawa chini ya Nielsen, sasa hivi inaitwa Luminate, na bado ndo inawapa Billboard data.

---

Sikio_Kubwa:

Aisee mmenifungua. Lakini bado sijajibiwa kwanini wimbo unadondoka ghafla, na hii ya simu.

---

Fundi_Mitambo amejibu:

Nakuja hapo mkuu, hili ndo lenye utamu wake.

Daunlodi, yaani nyimbo unazonunua na kuzipakua mtandaoni, ziliingia kwenye chati kuu Aprili 2005, mwanzo kwa masharti kwamba lazima na CD iwepo dukani. 2006 Gnarls Barkley na Crazy wakawa wa kwanza kushika namba moja kwa daunlodi peke yake, CD ilikuwa inatoka wiki inayofuata. Januari 2007 wakaondoa hilo sharti, wimbo wowote unaouzwa mtandaoni ukaruhusiwa, hata wa zamani. Julai 2014 ikaingia striming, wakaamua kusikilizwa mara 100 ni sawa na kununuliwa mara moja.

Striming ikazidi kukua na daunlodi zikaporomoka, chati ikaganda. 2016 Drake na One Dance akakaa namba moja wiki 15, akabakiza moja tu kumfikia Bryan Adams wa 1991. Nyimbo haziondoki kwasababu watu wanazisikiliza tu zikiwa kwenye orodha zao. Januari 2017 wakapandisha uwiano ukawa 150 kwa 1, haikusaidia sana. Machi mwaka huohuo Ed Sheeran katoa albamu yake ya ÷, nyimbo zote 16 zikaingia ndani ya 20 bora, tisa kati ya hizo zikiwa kwenye kumi bora. Hapo ndo wakasema hapana, tutunge sheria.

Sheria zikaanza Julai 2017. Ya kwanza, msanii mkuu mmoja asiwe na nyimbo zaidi ya tatu kwa wakati mmoja kwenye chati. Ya pili ndo inayojibu swali lako, wimbo ukishakaa kwenye chati kama wiki tisa kumi hivi na ukashuka wiki tatu mfululizo, unahamishiwa kwenye uwiano mkali ambapo striming zake zinahesabiwa nusu.

Uwiano wa sasa ulianza Julai 2018 na umetenganisha anayelipia na anayesikiliza bure na matangazo. Akaunti za kulipia ni mara 100 kwa 1, za bure ni mara 600 kwa 1, na siku hizi hata video wanazijumlisha. Ukihamishwa inakuwa 200 na 1,200. Piga hesabu hii ya mfano uone: wimbo umesikilizwa mara 3,000,000 na wanaolipia, na mara 600,000 na wa bure. Kwa kawaida unapata 30,000 jumlisha 1,000, jumla 31,000. Ukihamishwa, wasikilizaji walewale, idadi ileile, unapata 15,500. Ndo maana unaona wimbo namba nne wiki ijayo uko ishirini na kitu. Hakuna hata msikilizaji mmoja aliyeondoka mkuu.

---

Binti_wa_Redio amejibu:

Kaka Fundi umeeleza vizuri sana ila hapo mwishoni ndo penye maumivu yangu na naomba niseme wazi. Hiyo sio hesabu tena, huo ni uhariri. Kama watu wa Uingereza wamesikiliza nyimbo 16 za Ed Sheeran wiki ile basi wamesikiliza 16, chati iseme 16. Ukizificha 13 unamwambia msomaji uongo kuhusu wiki hiyo. Chati inayojiita rasmi kazi yake iwe kuripoti, kama matokeo yanachosha yachoshe.

Na hii ya kukata nusu naiona inawaumiza zaidi wale wanaopanda taratibu. Msanii mkubwa ana mashabiki wanaomsubiri Ijumaa usiku, anaingia juu wiki ya kwanza kwa uwiano wa kawaida. Yule ambaye wimbo wake unasambaa kwa mdomo, miezi miwili unapanda, ukitulia kidogo tu unakatwa.

---

Mzee_wa_Santuri amejibu:

Binti yangu nakuelewa, ila nakupinga kidogo. Chati ya singo (wimbo mmoja unaotolewa peke yake) haijawahi hata siku moja kuhesabu kila kinachosikilizwa. Enzi zetu kama lebo haikuutoa wimbo kama singo basi hauingii, hata kama nchi nzima inauimba. Stairway to Heaven ya Led Zeppelin haikutolewa singo Uingereza, miaka ya sabini yote haionekani kwenye chati ya singo, na kila mtu alikuwa anaijua. Mlango ulikuwa na bawabu siku zote, zamani bawabu alikuwa lebo, leo ni sheria ya kampuni. Mimi naona afadhali sheria iliyoandikwa na kila mtu anaisoma.

Nyimbo zote 16 zilikuwa zinahesabiwa kwenye chati ya albamu vilevile, Sheeran hakupoteza kitu. Lakini msanii mpya ambaye angeingia namba 19 wiki ile, hiyo nafasi ndo ingempeleka redioni.

---

Binti_wa_Redio:

Mzee hapo kwenye msanii mpya umenigusa, nakubali. Ila kwenye ile ya nusu sijashawishika. Wakitaka kutoa nafasi kwa wapya wangeanzisha chati yao inayojulikana, hii kuu waiache iseme ukweli wa wiki.

---

Kinanda_Cheusi amejibu:

Na ushahidi wa Binti ni Kate Bush mwenyewe. Running Up That Hill imerudi 2022 kupitia tamthilia ya Stranger Things. Kwa sheria, wimbo wa zamani hivyo unahesabiwa moja kwa moja kwa uwiano mkali. Yaani watu wanausikiliza kwa wingi wa ajabu na kila sikilizo ni nusu. Ukafika namba mbili nyuma ya Harry Styles, kampuni ikakaa ikaamua kuurudishia uwiano wa kawaida kwasababu ni ufufuko wa kweli, wiki iliyofuata ukawa namba moja. Miaka 37 tangu utoke. Sawa walifanya la haki, nami nilifurahi sana, ila unaona kabisa namba moja ile ilihitaji watu kukaa na kuamua. Mashine peke yake isingeitoa wiki ile.

Sio kwamba wameiba, hapana, na hata hilo la kurudishia uwiano limeandikwa kwenye kanuni zao, lebo inaweza kuomba. Ila msomaji wa kawaida hajui.

---

Mpigaji_Besi amejibu:

Mi najibu hilo la kununua namba moja. Jibu fupi, kwa hela yako peke yako ni ngumu, kwa watu wengi walioamua inawezekana na imeshafanyika hadharani.

Krismasi ya 2009. Miaka minne mfululizo kabla ya hapo mshindi wa X Factor, shindano la kuimba la televisheni, ndo alikuwa anachukua namba moja ya Krismasi. Mtu na mkewe, Jon na Tracy Morter, wakafungua kundi Facebook wakawaambia watu wanunue daunlodi ya Killing in the Name ya Rage Against the Machine, wimbo wa 1992, wiki hiyo hiyo. Watu wakanunua zaidi ya nakala laki tano, Joe McElderry wa X Factor akabaki namba mbili, wiki iliyofuata ndo akapanda. Hakuna aliyevunja sheria, kila nakala ilikuwa ya mtu kweli na hela kweli.

Sasa ukiunganisha na hesabu za Fundi utaona kitu. Daunlodi moja ni 1 kamili, striming ni mara 100 ndo ipatikane 1. Kwahiyo mtu aliyenunua mara moja ana nguvu ya mtu aliyesikiliza mara 100 wiki hiyo. Ndo maana LadBaby, jamaa wa YouTube, alichukua namba moja ya Krismasi miaka mitano mfululizo, 2018 mpaka 2022, nyimbo za hisani, watu wananunua kuchangia, hata kama hawaurudii kuusikiliza.

Udanganyifu wenyewe wanaubana. Kuna bei ya chini, ukiuza chini ya hapo haihesabiwi. Zamani lebo zilikuwa zinatoa singo moja kwa maumbo kibao, ya inchi 7, ya inchi 12, yenye picha, kaseti, ili shabiki yuleyule anunue zote, wakaweka kikomo cha maumbo. Na manunuzi ya mashaka, mfano duka moja dogo ghafla limeuza mzigo wa ajabu wa msanii mmoja, yanachujwa.

---

Sikio_Kubwa:

Wakuu nawashukuru mno, mzee shikamoo na ahsante. Imebaki moja tu, Last Christmas. Kwanini zamani isiwe namba moja na sasa hivi iwe?

---

Mzee_wa_Santuri amejibu:

Marahaba. Hii nzuri kufungia.

Ilitoka Disemba 1984, ikauza sana tu, lakini mbele yake kulikuwa na Band Aid na Do They Know It's Christmas?, santuri ya kuchangia waathirika wa njaa ya Ethiopia, ikaishia namba mbili. Kipindi kile aliyenunua santuri ya Last Christmas kahesabiwa mara moja, siku aliyolipa. Akaenda nayo nyumbani akaipiga kila Disemba miaka thelathini, chati haina habari naye tena. Ilikuwa inahesabu manunuzi, usikilizaji haikuwa na namna ya kuuona.

Striming imegeuza hilo. Sasa kila mtu anapoupiga wimbo unahesabiwa, na mwakani akiupiga tena unahesabiwa tena. Kwahiyo wimbo ambao watu wanaurudia kila mwaka una mtaji usioisha. Ikashika namba moja kwa mara ya kwanza kwenye chati ya tarehe 1 Januari 2021, miaka 36 baadae, George Michael alishafariki Krismasi ya 2016. Namba moja ya wiki ya Krismasi yenyewe ikaipata 2023, na 2024 tena.

---

Fundi_Mitambo amejibu:

Naongeza kitu cha matumizi kwa Sikio_Kubwa. Kwenye tovuti ya kampuni usiishie kwenye chati kuu peke yake. Kuna ya mauzo matupu bila striming, kuna ya daunlodi, kuna ya striming, na tangu 2015 kuna ya santuri. Ziweke pembeni ya chati kuu wiki ileile. Wimbo ukiwa juu kwenye mauzo na kwenye striming hauonekani, hapo kuna kampeni ya mashabiki au ya hisani. Ukiwa juu kwenye striming na kwenye chati kuu umedondoka, angalia una wiki ngapi, idadi imeandikwa pembeni ya jina la wimbo. Zikiwa zaidi ya kumi na ulikuwa unashuka wiki tatu mfululizo, inawezekana umeshahamishiwa kwenye nusu.

---

Sikio_Kubwa:

Nimefungua sasa hivi, nimeuona mmoja wa hivyo hivyo, una wiki 13. Ijumaa nazipitia zote.